Zege Lililokataa Kushika

Mwaka wangu wa mwisho chuoni Kakamega nilipewa kazi ya kutengeneza zege na kulivunja. Nilipomweleza baba yangu kwenye simu aliuliza ni shule gani hiyo inayofundisha watoto wa watu kuvunja kazi ya mikono yao. Nilicheka. Baba alikuwa fundi wa nyumba tangu kabla sijazaliwa. Mchanga aliupima kwa karai, maji aliyapima kwa macho, na sikuwahi kumwona na karatasi mkononi isipokuwa kitabu cha nyimbo siku ya Jumapili.

Nikamfafanulia. Nilitakiwa kuonyesha jinsi nguvu ya zege inavyobadilika ukilibadilishia joto, ukibadilisha vipimo vya saruji, mchanga, kokoto na maji, na ukilitia kemikali. Tungelimwaga kwenye vikasha vya chuma vyenye upana wa kama shubiri moja kila upande, tulitoe kesho yake, tuandike namba ubavuni, kisha tulitumbukize kwenye tangi la maji. Vipande hivyo tuliviita kyubu. Nyingine tungezivunja siku ya saba, nyingine siku ya ishirini na nane, kwa mashine inayokandamiza polepole hadi kyubu ipasuke, na mshale wake ungetuonyesha imebeba uzito gani kabla ya kushindwa.

"Siku ishirini na nane," Baba alisema. "Kumbe nyinyi pia mnangojanga."

Nilikuwa nimepanga chumba Lurambi, si mbali na chuo, na kuanzia wiki hiyo nikawa nampigia simu karibu kila jioni. Kabla ya hapo hatukuwa watu wa kupigiana. Sehemu kubwa ya utoto wangu Baba hakuwa nyumbani. Sisi tuliishi upande wa Butere, katikati ya miwa. Yeye alifanya kazi Mautuma, kule Lugari kwenye mashamba ya mahindi, akiwajengea watu maghala na mazizi. Alirudi mara moja kwa mwezi, akalala siku mbili, akaondoka tena. Nilikua nikimjua kama mgeni mpole anayeleta mahindi mabichi na kuninyoa nywele. Tulipendana, lakini hatukuwa na la kuzungumza. Zege ndilo lililotupa mazungumzo.

Nilianza na joto. Ulikuwa mwezi wa kwanza, jua kali, mvua haijaonekana kwa wiki kadhaa. Kyubu zingine niliziacha juu ya bati la stoo, zingine nikazitia kwenye pipa la maji niliyoyapasha moto, zingine nikaziweka kivulini chini ya magunia mabichi. Zilizopata joto zilikomaa haraka kama zimeitwa. Siku ya saba ziliwashinda wenzao wa kivulini kwa mbali, nami nikampigia Baba kumtangazia ushindi.

"Ngoja, kukhu," akasema. Aliniita kukhu, yaani nyanya, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Usiandike bado."

Siku ya ishirini na nane zile za kivulini zikawa zimezipita. Zilizoharakishwa na jua zilipasuka mapema, na ndani zilikuwa na vitundu vidogo vidogo kama mkate. Nilipompigia tena Baba alicheka mpaka akakohoa. Miaka yote aliyofanya kazi alikuwa akifunika zege lake kwa magunia na kulinyunyizia maji asubuhi na jioni, na vijana wa mjengo walikuwa wakimcheka kwamba anamwogesha mtoto.

Kwenye vipimo vya mchanganyiko niliongeza maji kikombe kimoja kimoja, saruji ikiwa ileile. Kila kikombe kilifanya zege liwe laini kufanya nalo kazi na kila kikombe kiliiba nguvu. Baba hakushangaa. Alisema fundi mvivu hujulikana kwa viatu vyake: vikiwa vimelowa, usilale katika nyumba aliyojenga.

Kisha nikafika kwenye kemikali.

Fundi mkuu wa maabara alikuwa mzee aliyebakisha mwaka mmoja kustaafu. Hakuwa mhadhiri lakini sote tulimwita Mwalimu, maana ndiye aliyetufundisha. Alinieleza kuna dawa zinazotiwa kwenye zege ili lichelewe kuganda, hasa linaposafirishwa mbali wakati wa joto. Chupa iliyokuwa kwenye rafu ilikuwa imepitwa na wakati, kwa hiyo akaniambia nianze na kitu kinachofanya kazi hiyohiyo na kinachopatikana kila jikoni. Akaniletea sukari ya chai kwenye kikaratasi.

Sikuamini. Lakini sukari kidogo sana, hata haijai kijiko, ilichelewesha zege kwa saa kadhaa, na baadaye likaganda vizuri kabisa. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Kesho yake nilipofungua kikasha cha mwisho, zege lilibomoka pembeni na kutua mezani kama uji mzito. Nililikandamiza kwa kidole gumba. Kidole kikazama hadi kwenye ukucha. Lilikuwa baridi, la kijivu, limelegea kama obusuma, ugali wetu, usioiva.

Nilibaki hapo na kidole changu ndani. Mwalimu aliniuliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana, ila nimeshawahi kuliona zege la namna hii.

Nilikuwa na miaka kumi. Kanisa letu lilikuwa linajengwa upya kwa matofali, na Baba ndiye aliyepewa kazi. Kuta zilipopita juu ya milango, alifunga vyuma na mbao kuzunguka jengo lote ili amwage boriti ya zege, ule mshipi unaoshikanisha kuta zote nne. Siku ya kwanza akina mama wa kanisa walichota maji kwenye chemchemi, wakapanda nayo kilima, na kuta tatu zikamalizika. Siku ya pili kulikuwa na mazishi ng'ambo ya mto na karibu kila mtu akaenda. Ukuta wa mbele ulikuwa haujamwagwa, mchanganyiko unasubiri, na maji hakuna.

Mama ndiye aliyeokoa siku ile. Alikwenda nyumbani akakusanya kila mtungi wa plastiki tuliokuwa nao, akaanza kwenda chemchemi na kurudi, mimi nikimfuata na kimtungi changu.

Inafaa nieleze Mama alikuwaje wakati ule. Miezi michache nyuma alikuwa amejifungua mtoto wa kiume aliyeishi siku nne. Tangu tumzike, Mama hakuwa akitoka. Alipika, akafagia, kisha akakaa kwenye kigoda jikoni akitazama ukuta. Watu walikuja kumwona mwanzoni, baadaye wakaacha. Wengine walianza kunong'ona kwamba ana mkosi. Lakini siku ile ya maji aliimba. Alipanda kilima na mtungi kichwani akiimba wimbo wa kwaya, na Baba, akiwa juu ya jukwaa la mbao, akamwambia kwamba sasa kwaya yote imehamia chemchemi. Mama akacheka kwa sauti. Niliweka mtungi wangu chini kumtazama, maana nilikuwa nimesahau kicheko chake kinavyosikika.

Siku ya tatu baada ya hapo Baba alifungua ubao mmoja wa mbele na kukandamiza zege kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Kuta tatu zilikuwa ngumu kama jiwe. Wa mbele ulikuwa tope. Alirudishia ubao, akafunika kwa magunia. Baada ya wiki kamati ya kanisa ikaja kutazama. Saruji ilikuwa ya duka moja, mchanga wa rundo moja, kokoto za lori moja. Kwa hiyo ikaonekana wazi kwao kwamba mifuko ya mwisho ya saruji haikuingia kwenye boriti, imeenda kwingine. Walimwambia abomoe. Alibomoa mwenyewe, kwa mikono yake, akalipakia lile tope kwenye toroli huku watu wamesimama.

Fundi mwingine akamalizia. Baada ya hapo hakuna mtu wa kwetu aliyempa Baba hata msingi wa choo. Pasaka ilipopita akaenda Mautuma, ambako hakuna aliyemjua. Shuleni msichana mmoja aliniambia baba yangu alikula saruji ya Mungu. Nilipomuuliza Mama mtu anakulaje saruji, aliniwekea kiganja mdomoni, kwa upole, akakiacha hapo kwa muda mrefu.

Yote haya yalinirudia nikiwa nimesimama maabara. Na kilichonirudia zaidi ni mitungi. Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na Mama alikuwa akimchanganyia majani yake na molasi, ule uji mweusi wa sukari unaobaki miwa ikishatengenezwa. Molasi ililetwa nyumbani kwa mitungi. Mtungi ukiisha, Mama aliusuuza mara moja na kuuweka pamoja na mingine.

Nilikwenda duka la pembejeo mjini nikanunua molasi. Nikaitia kwenye mtungi, nikaimimina, nikausuuza mtungi mara moja tu kama nilivyomwona Mama akifanya, nikajaza maji. Kwa maji hayo nikachanganya zege kwa vipimo vya Baba. Mwalimu akaniletea magunia.

Siku ya tatu kidole kilizama. Siku ya saba zege lilikuwa bado linakwaruzika kwa ukucha. Ningekuwa kamati ya kanisa, ningesema libomolewe. Lakini nililiacha chini ya magunia mabichi nikawa nalinyunyizia maji, na wiki ya pili likaanza kuwa jiwe. Siku ya ishirini na nane niliweka kyubu ya kwanza kwenye mashine. Mshale ulipanda, ukapanda, ukapita mahali nilipotarajia ipasuke. Ilipopasuka hatimaye, ilikuwa imebeba karibu sawa na zege la kawaida. Nikavunja ya pili na ya tatu. Zilikuwa hivyohivyo.

Jumamosi nikaenda nyumbani.

Baba alikuwa ameacha kazi ya Mautuma kwa sababu ya magoti. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye gogo akitia mpini jembe. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilikuwa na furaha ya mtu anayeleta barua ya kumtoa mwenzake kifungoni, na nilianza kusema kabla hata sijakaa: saruji ilikuwa sawa, vipimo vilikuwa sawa, shida ilikuwa maji, mitungi ilikuwa na molasi.

Aliweka mkono wake juu ya goti langu. "Punguza sauti, kukhu. Mama yako yuko jikoni."

Nilimwangalia. Hakuwa na mshangao hata kidogo usoni.

Aliniambia alijua jioni ileile. Baada ya kumwaga karai la mwisho alinawa mikono kwa maji yaliyobaki mtungini, akahisi vidole vinashikana. Akaonja. Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa akiwakataza wanafunzi wake kutafuna miwa karibu na zege, kwa hiyo alijua sukari inafanya nini. Aliomba Mungu iwe ni kidogo. Siku ya tatu alipobonyeza akajua si kidogo.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alizungusha mpini mikononi.

"Ningesema ni maji, wangeuliza ni maji ya nani," akasema. "Na mama yako alikuwa ndio ametoka kwa nyumba. Ungemwona siku hiyo."

"Nilimwona, Baba."

"Basi unajua."

Kutoka jikoni tulisikia Mama akikatakata mboga. Nilitaka kulia lakini nilikuwa na jambo jingine la kumwambia, na hili hakulijua. Nilimweleza kwamba nililingojea lile zege siku zote ishirini na nane.

"Ulilifunika?"

"Kwa magunia. Asubuhi na jioni nikatia maji."

"Likashika?"

"Likashika. Mashine ilihangaika nalo."

Baba aliinamisha kichwa. Alitazama viganja vyake, akavigeuza, kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa amekishika sasa hivi. "Kumbe ningengoja tu," akasema. Akaongeza polepole, "Lakini ni nani angeningojea."

Kabla sijaondoka kesho yake alinitaka niahidi kwamba Mama hatasikia neno hilo kutoka kwangu. Nikaahidi. Nilirudi Kakamega nikiwa nimebeba mzigo niliodhani nilikuwa naenda kuutua.

Mwisho wa muhula kulikuwa na siku ya maonyesho, ambapo wanafunzi tuliweka kazi zetu mezani na wazazi wakaruhusiwa kuja kutazama. Baba alijaribu kumwambia Mama kwamba ni mambo ya wasomi, hayana utamu. Mama alikuwa ameshapiga pasi gauni. Mimi nilipanga meza yangu kwa uangalifu: joto upande mmoja, vipimo katikati, na mwisho sukari ya chai peke yake. Kyubu za molasi nilizificha kabatini.

Nilichosahau ni Mwalimu. Yeye aliona hizo ndizo sehemu bora ya kazi yangu, akadhani nimezisahau. Nikiwa najibu maswali ya wahadhiri mwisho wa meza, alizitoa kabatini, akazipanga na kuziwekea karatasi iliyoandikwa molasi. Na Mama, ambaye hupenda kuuliza, akamuuliza hizo ni nini. Niligeuka nikaona wamesimama pamoja, Mwalimu akimweleza kwa fahari jinsi binti yake alivyochukua mtungi wa molasi, akausuuza mara moja tu, akajaza maji ya kuchanganyia. Alimweleza yote, hadi siku ya ishirini na nane. Mama alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa adabu. Kisha akaacha kuitikia. Alinyoosha kidole akaigusa kyubu moja iliyovunjika, akakiacha kidole hapo kama alivyowahi kuniwekea kiganja mdomoni.

Alinipongeza mbele ya wahadhiri, akamshukuru Mwalimu, akamsalimia kila mtu. Saa saba hivi tulitoka, tukaenda kwenye hoteli ndogo karibu na soko ambako wanapika kuku wa kienyeji, ingokho yenyewe, na obusuma wa wimbi. Baba alikuwa na furaha. Alikuwa hajaona kilichotokea, kwa maana alikuwa uani akiitazama mashine ya kuchanganyia zege. Chakula kilipoletwa, Mama alinawa, akaomba, kisha akamtazama.

"Baba watoto," akasema. "Ulijua ni mitungi yangu?"

Baba alinitazama mimi kwanza. Nilitikisa kichwa kumwonyesha kwamba si mimi. Akashusha tonge.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu jioni ile."

Mama hakulia. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. Watu wa meza ya jirani walikuwa wakizungumza kwa sauti habari za bei ya mbolea, na mimi nilishukuru kwa kelele zao.

"Miaka yote hiyo umelala Mautuma," akasema, "kwa sababu ya mitungi yangu."

"Ulikuwa umeanza kucheka," Baba akajibu, kana kwamba hilo lilitosha.

Nadhani hapo ndipo hadithi hii ingeishia kama ingekuwa ya kutungwa. Lakini Mama alikuwa na lake. Alilisema akiwa ameinama juu ya sahani, kwa sauti ndogo hata nikalazimika kusogea.

"Mimi nilidhani ni kweli uliichukua ile saruji. Nilijua tulikuwa hatuna kitu baada ya hospitali ya mtoto. Nikasema moyoni, ameifanya kwa ajili yangu. Nikakusamehe, nikanyamaza."

Nilimwona Baba akipigwa na neno lile polepole, kama maji yanavyoingia kwenye mchanga mkavu. Kanisa lote kumwita mwizi, hilo alikuwa amelimeza. Hili hakuwa amelijua. Aliosha mkono, ingawa alikuwa amekula matonge mawili tu, akasema anatoka nje kupunga upepo. Mama alimfuata kwa macho hadi mlangoni. Kisha akachukua paja la kuku kutoka sahani yake akaliweka kwenye sahani ya Baba, akalifunika kwa sahani nyingine ili lisipoe. Baba aliporudi alikula lote.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, Mama aliomba nafasi ya kusema. Hakuwa amemwomba Baba ruhusa. Nilikuwa nimeketi na akina dada nyuma, na nilimwona Baba upande wa wanaume akishtuka. Mama alisimama mbele, chini ya boriti ya fundi yule mwingine, akasema kwamba miaka mingi iliyopita ukuta wa mbele wa kanisa hili ulikataa kushika, na mume wake akaitwa mwizi. Akasema saruji yote iliingia. Maji yalikuwa na molasi, na maji aliyaleta yeye, kwa mitungi yake, akitaka kusaidia. Akasema mume wake alijua na akanyamaza ili watu wasimguse yeye aliyekuwa na msiba. Kisha akasema, "Na mimi mwenyewe sikumwamini. Nasema mbele yenu ili na hilo lisikike." Akarudi kukaa.

Sijui nilitarajia nini. Nusu ya watu waliokuwa kanisani walikuwa vijana ambao hawakujua anazungumza habari gani. Mwenyekiti wa ile kamati ya zamani alikuwa ameshafariki. Mwingine alikuwepo, mzee sana, asiyesikia vizuri. Mjukuu wake alimrudia sikioni, naye akabaki ametazama sakafu. Mchungaji alikohoa, akasema tumshukuru Mungu kwa ushuhuda huo, akaendelea na tangazo la mkutano wa vijana. Lakini baada ya ibada bibi mmoja, mkubwa kuliko Mama, alimfuata Baba kwenye nyasi. Aliushika mkono wake kwa mikono yote miwili. Alisema siku ile yeye alikuwa kwenye yale mazishi ng'ambo ya mto, na kwamba laiti wangebaki kuchota maji wao, haya yote yasingetokea. Baba alimwambia mazishi hayangengoja. Bibi alikuwa bado ameushika mkono.

Yule mzee wa kamati alikuja nyumbani siku ya Jumatano, akiongozwa na mjukuu. Alikunywa chai. Aliuliza habari za ng'ombe, akauliza habari za magoti ya Baba, akatoa zake za mgongo. Alipoinuka kuondoka alisema, "Tulikukosea." Baba akajibu kwamba hata yeye angekuwa upande wao angesema vilevile, kwa sababu zege lilikuwa tope na macho hayaongopi. Sikukubaliana naye, lakini halikuwa langu la kusema.

Na Mama je? Baba alikaa siku kadhaa bila kuzungumza naye zaidi ya salamu. Nilikuwa nimeongeza siku zangu za kukaa nyumbani kwa sababu niliogopa. Nilimuuliza Mama kama anamwomba msamaha. Alisema ameshaomba, sasa anamngoja, na kwamba mimi nirudi Lurambi nikafanye mitihani, hawajaoana jana.

Nilipofunga shule nikaja kukaa nao. Jioni ya kwanza, kabla giza halijaingia, niliwakuta wamekaa nje, Baba kwenye kiti, Mama kwenye mkeka akipepeta maharagwe, na Mama alikuwa akimuuliza habari za Mautuma. Nilisimama kwenye kona ya nyumba. Sikuwahi kumsikia akimuuliza habari za Mautuma. Tulipokuwa watoto Baba alirudi, tukamlisha, tukamfulia, akaondoka, na kule alikotoka hapakuwa na jina kinywani mwetu. Sasa Mama alitaka kujua kila kitu. Chumba kilikuwa na madirisha mangapi? Baridi ya mwezi wa saba alikuwa akijifunika nini? Nani alimpikia?

Baba alijibu yote, mwanzoni kwa neno moja moja, kisha kwa maneno mengi. Alisema wenye nyumba aliyopanga walidhani amefiwa na mke, kwa jinsi alivyokuwa kimya, na mke wa mwenye nyumba akawa anamtafutia mchumba kanisani kwao bila kumwambia. Siku moja alialikwa chakula cha mchana, akakuta mwanamke mgeni amekaa kwenye kochi amevaa vizuri, naye akamkaribisha kwa jina lake. Ilimchukua nusu ya mlo kuelewa.

"Ukafanya nini?" Mama aliuliza. Alikuwa ameacha kupepeta.

"Nilimaliza chakula. Kuku alikuwa mzuri. Kisha nikawaambia kwamba nina bibi Butere, anaimba kwaya."

Mama aliuliza mwanamke huyo alikuwa amevaa nini. Baba akasema hakumbuki. Mama akamwambia, "Unakumbuka." Baba akafikiri, akasema ilikuwa nguo ya kijani, na Mama akamrushia maharagwe machache, na mimi nikatoka kwenye kona nikaenda kukaa nao mkekani.